Vigae na mawe meusi kutoka ploti ya Lukenya: kuna mashine ya kupima umri, ama mnabahatisha?

Swali (nimelifupisha kidogo): "Habari daktari. Tulinunua kaploti upande wa Lukenya, sasa tukichimba msingi fundi akatoa vipande vya chungu vimechorwa mistari, na vijiwe vyeusi vinang'aa kama chupa imevunjika. Nilivisugua na sabuni ya unga vikawa safi, nikaweka kwa kabati ya sebuleni. Mzee anasema ni takataka. Si kuna mashine mnaweza kupima mniambie ni vya mwaka gani? Na hizi 'miaka 78,000' tunasikia kwa taarifa, mnajua kweli ama mnabahatisha tu juu hakuna mtu alikuwa huko wa kuwapinga? Msomaji, Syokimau."

Dada, shukran kwa swali. (Mimi ni mwanaakiolojia, mtafiti wa vitu vya kale, si daktari wa hospitali.) Mwambie mzee hizo si takataka, lakini pia usianze kumringia mapema, utaona huko mbele kuna mahali ako na pointi bila yeye kujua.

Wacha nianze na vijiwe vyeusi juu hivyo ndio rahisi. Kutokana na venye umevieleza hiyo itakuwa obsidiani, yaani kioo cha volkano. Lava ikipoa haraka sana haipati nafasi ya kufanya chembe chembe kama mawe mengine, inaganda tu kama kioo, na ukiigonga inapasuka na makali kama ya wembe, ndio maana watu wa kale waliipenda hivyo. Sasa Lukenya yenyewe ni kilima cha mwamba mkongwe wa aina nyingine kabisa, hautoi kitu kama hicho. Kwa hivyo kila kipande cha obsidiani kimelala hapo kwenu kililetwa na mtu. Alikitoa wapi? Hapo ndio sayansi imefika mbali. Obsidiani ya kila mlima ina kiasi chake cha zirkoniamu, rubidiamu na vitu vingine vidogo vidogo, sawa na venye pilau ya kila nyumba iko na masala yake, unaonja unajua hii ni ya kwa nani. Tuko na kimashine cha eksirei cha kushika mkononi, ukikiona utadhani ni drili ya fundi wako, unakielekeza kwa jiwe, unangoja kama dakika moja hivi, kinakupa orodha ya kilichomo ndani. Halafu unalinganisha na mawe yaliyookotwa kwenye milima yenyewe, Eburru, Naivasha na kwingineko. Jiwe haliharibiki hata kidogo, na hapa unaweza kupumua: sabuni yako haikuharibu kitu, juu kinachopimwa kiko ndani ya jiwe lenyewe.

Kuna obsidiani za Lukenya zilishapimwa miaka ya nyuma na zikaonekana zimetoka Bonde la Ufa, huko pande za Naivasha. Hiyo ni karibu kilomita 100, na hakuna matatu. Na tabia hii ya kubeba mawe mbali si ya juzi. Ukienda Olorgesailie, hapo barabara ya Magadi, wamepata vifaa vya obsidiani vya miaka kama 320,000 iliyopita, na mawe yake yalitoka kilomita 25 hadi 50, mengine mbali zaidi (hiyo kazi ilitoka mwaka 2018). Hapo hapo kabla ya hapo, kwa maelfu na maelfu ya miaka, watu walikuwa wanatengeneza yale mashoka makubwa ya mkono kwa mawe ya karibu tu. Kwa hivyo kuna kitu kilibadilika, pengine watu walianza kujuana na majirani wa mbali, kubadilishana vitu, na hatungejua kama si kwa sababu jiwe limebeba anwani ya kwao ndani yake.

Vigae sasa, yaani vile vipande vyako vya chungu. Zamani kigae tulikuwa tunaangalia mchoro tu. Mistari ya aina fulani tunasema hii ni ya wafugaji wa kwanza, miaka elfu mbili tatu iliyopita, mistari ya aina nyingine tunasema hii ni ya juzi. Bado tunafanya hivyo, na nikiona picha zako huenda nikakwambia kitu hapo hapo. Lakini siku hizi kigae tunakitaka kwa sababu nyingine. Chungu cha udongo ambacho hakijapakwa kitu cha kuziba kinanyonya mafuta. Wewe ukipika supu kila siku, mafuta yanaingia kwenye vitundu vya udongo na yanakaa humo, na yanaweza kukaa maelfu ya miaka. Tunasaga kipande kidogo cha kigae, gramu chache tu, tunatoa yale mafuta kwa dawa za maabara, tunaangalia ni mafuta gani, halafu tunapima uwiano wa aina za kaboni yake juu mafuta ya maziwa na mafuta ya nyama ya ng'ombe huyo huyo hayafanani kwa kipimo hicho. Kuna kazi ilitoka mwaka 2020 ya vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, wakapata nyama, wakapata maziwa, wakapata hata mimea. Mimea! Na sisi tulikuwa tunafundishwa darasani kwamba hao watu walikuwa ni ng'ombe tu asubuhi na jioni.

Sasa sabuni yako hapa imefanya ubaya kiasi gani? Si sana kama unavyoogopa. Sabuni na mafuta ya mikono yanakaa juu juu, na kwenye maabara ile ngozi ya nje tunaikwangua tunatupa, tunatumia udongo wa ndani. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kama uliviweka kwa karatasi ya plastiki, juu plastiki inatoa kemikali zake zinaingia mle ndani na zinachafua kipimo. Vitoe. Foili ya jikoni ni sawa, ama karatasi ya kaki.

Na usijisikie vibaya kuhusu kuosha, hata mimi nina dhambi zangu. Nikiwa mwanafunzi tulipewa kazi ya kusafisha mifupa na meno ya watu wa kale, tukapewa miswaki na maji, na sisi na bidii ya vijana tukasugua yale meno mpaka yakang'aa kama ya tangazo la dawa ya meno. Kile kiganda kigumu cha manjano kwenye shina la jino, ukoga ule daktari wa meno anakukwangulia akikuambia ufunge macho, tulikitoa chote kikaingia kwa sinki. Leo ukoga huo ndio tunautafuta na tochi. Ukishika madini ya mate unageuka jiwe na unafungia ndani protini za chakula, chembe za wanga, hata vidudu vya mdomo wa huyo mtu. Mwaka 2021 ilitoka kazi ya ukoga wa watu wa kale wa Sudan na Kenya, na ndani yake kulikuwa na protini za maziwa, Sudan zikifika miaka 6,000 nyuma. Yaani kigae kinakwambia maziwa yalikuwa kwa chungu, lakini ukoga unakwambia maziwa yaliingia kwa mdomo wa mtu huyu hapa. Nikifikiria yale meno niliyong'arisha najisikia kuumwa tumbo kidogo.

Kuna kizungumkuti hapo kinanifurahisha sana. Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa mabichi tumbo linawachafuka, juu mwili unaacha kutengeneza ile kitu inayovunja sukari ya maziwa. Wengi wetu Afrika Mashariki tuko na badiliko la kijenetiki linaloturuhusu kunywa, na si lile la wazungu, ni letu, mwaka 2007 ndio watafiti walilitambua. Sasa mwaka 2019 wakasoma DNA ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wengi wao wafugaji, wakalitafuta hilo badiliko. Ni mmoja tu walimpata nalo, na yeye ni wa Tanzania. Lakini maziwa walikuwa wanakunywa, ukoga unasema! Waliwezaje? Mimi nashuku maziwa lala, juu maziwa yakiganda vile vidudu vinakuwa vimeshakula sukari nyingi, na ukiangalia jamii zetu za ufugaji karibu kila moja iko na kibuyu chake na mkaa wake wa kusafishia. Hiyo ni dhana yangu, sijasema imethibitishwa. Lakini ona venye maabara mbili tofauti, moja ya meno na moja ya DNA, zimetupa swali ambalo hakuna jembe lingelichimbua.

Haya, umri. Ndio umenijia nao, na ndio nimekuwa nikiukwepa.

Hakuna mashine, dada. Watu wengi wanadhani tuko na kitu kama kile cha kupima sukari ya damu, unaweka jiwe, inalia, inaandika mwaka. Kile jiwe lako la obsidiani linaweza kukwambia kwa uhakika ukilipima moja kwa moja, sana sana ni siku lava ilipoganda, na si siku mtu alipolipasua kufanya kisu. Ili kujua siku ya kisu nahitaji kile kilichokuwa kimelala pamoja nalo: mkaa wa moto, mfupa, mbegu iliyoungua, ama mchanga wenyewe. Na vyote hivyo fundi alivichota na sepeto akavimwaga kando. Hapa ndio mzee ako na pointi: kitu kikishatoka mahali pake bila mtu kuandika kilikuwa wapi, kimepoteza zaidi ya nusu ya maneno yake.

Kipimo mnachokisikia sana ni cha kaboni 14. Kiumbe akiwa hai anaingiza kaboni hii mwilini kwa hewa na chakula, akifa inaacha kuingia na iliyopo inaanza kupungua kwa mwendo unaojulikana, inabaki nusu kila baada ya miaka 5,730. Willard Libby wa Marekani ndiye alianzisha hii mwaka 1949 na akapewa Nobel mwaka 1960. Enzi zile ulihitaji mkaa wa kujaza ngumi kwa kipimo kimoja, leo mbegu moja ya wimbi inatosha, na hiyo tofauti inaonekana ndogo lakini imebadilisha kila kitu, manake mkaa unaweza kudanganya (mti unaweza kuwa ulikufa miaka 200 kabla ya mtu kuukata kuni) lakini mbegu ni ya mwaka mmoja tu, ilivunwa ikaungua basi. Huko Kakapel, Busia, karibu na mpaka wa Uganda, watafiti walimwaga udongo ndani ya maji tu, mbegu zilizoungua zikaelea, wakaziokota, na kwa kupima mbegu zenyewe wakapata kunde za miaka kama 2,300 iliyopita. Hiyo ilitangazwa mwaka 2024. Ndoo, maji, na subira ya mtu kukaa na kichungio siku nzima, mashine kubwa ilikuja mwishoni tu.

Na hapo kwenu Lukenya kuna kisa kizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walichimbua kipande cha fuvu la binadamu kwenye mapango ya mawe ya hicho kilima. Kikakaa makumbusho hapa Nairobi miaka mingi na umri wake ukiwa wa kubishaniwa. Mwaka 2015 ndio watafiti wakarudi kwa yale makabati, hawakuchimba upya, wakachukua vipande vya ganda la yai la mbuni vilivyotoka kwenye tabaka lile lile na fuvu, wakapima kaboni, wakapata kati ya miaka 22,000 na 24,000 hivi. Fikiria. Ganda la yai ndilo lililotoa umri wa fuvu. Na iliwezekana tu kwa sababu mtu wa miaka ya 70, ambaye hakujua kipimo hicho kitakuja kuwa kizuri hivyo, aliandika kwa kikaratasi kila kitu kilitoka kina gani.

Sasa lile swali lako la kwamba tunabahatisha juu hakuna wa kutupinga. Hahaha. Dada, ungejua tunavyopingana. Wacha nikupe mfano ambao haututukuzi.

Huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, kuna tabaka la majivu ya volkano linaitwa KBS, hizo herufi zinatokana na jina la mama mmoja mwanajiolojia, Kay Behrensmeyer, aliyepata vifaa vya mawe hapo mwaka 1969. Majivu yanapimwa kwa njia nyingine, si kaboni, juu kaboni ikipita miaka kama 50,000 imeisha. Hapa unapima potasiamu inayogeuka taratibu kuwa gesi ya agoni: jiwe likiwa limeyeyuka gesi inatoroka, likiganda inaanza kujikusanya upya, kwa hivyo ukihesabu gesi unajua limeganda lini. Wakapeleka sampuli Uingereza. Jibu la kwanza likarudi zaidi ya miaka milioni 200, enzi za dinosaria, kila mtu akajua hapo kuna kitu si sawa. Wakasafisha, wakachagua chembe nzuri, wakapata milioni 2.6. Hiyo ikakubalika. Halafu mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya, akaokota chini ya tabaka hilo vipande vya fuvu la binadamu wa kale, lile maarufu namba 1470, na hesabu ikawa rahisi: kama majivu ni ya milioni 2.6 na fuvu liko chini yake, basi fuvu ni la zamani zaidi. Likatangazwa dunia nzima.

Wakaharibiwa sherehe na nguruwe. Kwa kweli, nguruwe. Nguruwe wa kale wa pande zile meno yao yalibadilika haraka kadiri miaka inavyosonga, na huko Omo, Ethiopia, ng'ambo tu ya mpaka, matabaka yalikuwa yamepimwa vizuri, kwa hivyo ukiona jino la nguruwe la umbo fulani unajua ni la kama lini. Wataalamu wa meno ya nguruwe wakasema hawa wa chini ya KBS ni wale wale wa Omo wa karibu miaka milioni 2, haiwezekani wawe zaidi ya hapo. Watu wa maabara wakasema mashine yetu haiwezi kushindwa na nguruwe. Ubishi ulichukua karibu miaka ya 1970 yote, watu waliacha kusalimiana. Mwishowe maabara zingine zikapima upya na ikaonekana KBS ni ya miaka milioni 1.9 hivi. Nguruwe walishinda. Kosa lilikuwa nini? Majivu yalibebwa na mto, na mto ukachanganya humo chembe za mawe mengine ya zamani zaidi. Ni kama unataka kujua umri wa watoto wa nasari halafu unapiga wastani wa kila aliye ndani ya darasa, kumbe kuna shosho amekuja kuchukua mjukuu. Siku hizi leza inayeyusha chembe moja moja, unaona kabisa huyu hapa ni shosho, mtoe.

Kwa hivyo nikisikia namba mpya kwa taarifa swali langu la kwanza si mashine ilikuwa gani. Nauliza ni mashahidi wangapi, na kama walikuwa wamekubaliana kabla ya kuingia kortini. Meno ya nguruwe na gesi ya agoni hazijuani. Zikikubaliana, mimi nakaa chini nasikiliza.

Hiyo miaka 78,000 uliyoisikia ni ya Mtoto (ndio jina alilopewa mtoto wa kale aliyezikwa huko), kutoka pango la Panga ya Saidi kule Kilifi. Huyu nataka nimkalie kidogo juu ni kinyume kabisa cha msingi wa ploti yenu. Vijifupa vya kwanza vilionekana mwaka 2013, vikiwa vimeoza kiasi kwamba ukivigusa vinakuwa unga. Ni mwaka 2017 ndio walifikia shimo lenyewe, kama mita tatu chini ya sakafu ya pango. Wakaamua wasimchimbue. Walipiga plasta kipande chote, udongo na kila kitu, wakakibeba kizima kama keki mpaka makumbusho Nairobi, kisha kikaenda maabara Burgos, Hispania, na hata huko hawakuanza na patasi, walianza na skani ya eksirei inayoona ndani ya udongo. Kule ndani kulikuwa na mtoto wa miaka miwili na nusu mpaka mitatu, amelala kwa ubavu wa kulia na magoti yamekunjwa kifuani. Kwa namna mifupa ya bega na mbavu ilivyokaa, wanasema alikuwa amefungwa vizuri kwa kitu, ngozi ama majani, na kichwa kimeinama kana kwamba chini yake kulikuwa na mto, ambao ulioza kichwa kikashuka. Udongo wa ndani ya shimo ulipimwa ukaonekana una kemia tofauti na wa nje, na unaonyesha mwili ulioza hapo hapo. Yaani shimo lilichimbwa, akawekwa, akafunikwa. Nguo haipo, mto haupo, lakini dalili zake tunaziona kwa sababu hakuna mtu aliyesogeza mfupa hata mmoja kabla ya kuangalia.

Umri sasa: kaboni haifiki 78,000, kwa hivyo walitumia mchanga. Chembe za mchanga zikiwa gizani zinajikusanyia nguvu kidogo kidogo kutoka kwa mionzi ya asili ya udongo, na zikiona jua zinaimwaga yote zinaanza sifuri. Ukizitoa bila kuziruhusu zione mwanga, ukafika nazo maabara ya taa nyekundu, unaweza kuzichokoza zimwage ile nguvu na ukapima ni nyingi kiasi gani, hapo unajua tangu zione jua mara ya mwisho ni miaka mingapi. Sampuli moja ikiona jua dakika chache kwa bahati mbaya imekwisha. Mchanga wa fundi wako umeanika wiki ngapi pale?

Moja ya mwisho kabla nikuachilie, juu umesema hakuna wa kutupinga, na kuna mahali tumepingwa na watu wakiwa kwa makaburi yao. Miji ya Waswahili, Gede, Manda, Mtwapa, Kilwa. Wazungu wa enzi za ukoloni waliandika kwamba ilijengwa na wageni, Mwafrika alikuwa akitazama tu. Wanaakiolojia wetu, Chapurukha Kusimba akiwa mmoja wa walioongoza, wakapigana na hiyo hadithi miaka mingi kwa vigae na misingi ya nyumba wakionyesha miji ilikua kutoka kwa watu wa hapa. Na wazee wa pwani nao pande ya pili wakaendelea kusema sisi tuko na damu ya Washirazi (watu wa Uajemi), kama ile tarikh, yaani historia ya kale iliyoandikwa, ya Kilwa inavyosema, na wasomi wengi wakaona hiyo ni majivuno tu ya watu wakubwa. Mwaka 2023 ikatoka DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Kila mtu akapata kipande cha ukweli. Zaidi ya nusu ya nasaba ya wengi wao ni ya Afrika, na hiyo ilitoka zaidi kwa akina mama. Kwa akina baba kulikuwa na Waajemi wengi, kuchanganyika kukianza karibu mwaka 1000. Kwa hivyo wazee hawakuwa wanadanganya, na wakoloni hawakuwa sahihi, manake lugha, chakula na nyumba zilibaki za mama. Ila na mimi nitapinga kidogo: makaburi mengi yaliyopimwa ni ya walionacho, wale waliozikwa karibu na misikiti mikubwa. Mvuvi wa kawaida na mtumwa bado hatujamsikia vizuri.

Kitu kinaniudhi ni kwamba mashine nyingi za hizi kazi ziko nje, sampuli inasafiri na kibali na jina la kwanza kwenye karatasi mara nyingi si letu. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Fanya hivi. Toa vitu kwa plastiki kama viko humo, na usivioshe tena, hata kile kimoja ulichosahau. Piga picha za pale vilipotoka na kitu cha kuonyesha ukubwa, hata biro. Muulize fundi akiwa bado anakumbuka: vilikuwa kina cha goti ama cha kiuno, udongo ulikuwa mweusi ama mwekundu, vilikuwa pamoja ama vimetawanyika, kulikuwa na mkaa. Andika namna anavyosema, hata kama anasema vibaya. Halafu upige ripoti makumbusho ya taifa na uwapelekee hivyo vitu, juu sheria yetu ya turathi ya mwaka 2006 inataka mtu aliyepata kitu kama hicho aseme ndani ya siku saba, na wewe umeshapitisha, lakini ukienda mwenyewe na picha zako na maelezo ya fundi sidhani kama mtu atakuuliza kwa nini umechelewa, atakukaribisha chai. Na lile rundo la mchanga uliotolewa kwa msingi, kama bado liko pale kando ya ua, mwambie fundi lori lisilichukue kwanza. Mimi Jumamosi naweza kuja na ndoo.